Nzongola-Ntalaja, profesa aliyeshauri serikali isiyokuwa na maaskari

Wakaaji wengi wa Kivu na Ituri walisikia jina la Georges Nzongola-Ntalaja mara ya kwanza mwaka 2022, wakati M23 ilirudi na mambo ya Rutshuru yakafika ku Baraza la Usalama la ONU, kule New York. Yeye ndiye alikuwa balozi wa Kongo pale, mzee wa karibu miaka 78. Wanafunzi wa historia na wa siasa walikuwa wanamjua tangu zamani. Kitabu chake cha mwaka 2002, chenye kueleza historia ya Kongo kuanzia mfalme Leopold mpaka Kabila, kinasomwa ku universite za inchi nyingi.

Lakini ubalozi ulikuja mwishomwisho. Kazi ya serikali iliyompima kweli ni ya miaka 30 kabla: mwaka 1992 na 1993 alikuwa mshauri wa kidiplomasia wa Waziri mkuu Étienne Tshisekedi. Ile serikali ilikuwa na haki, ilikuwa na kura, ilikuwa na raia nyuma yake. Kitu ilikosa ni jeshi na Banki kuu. Mtu anaweza kuuliza: mshauri wa mambo ya inje anashauri nini, kama waziri wake mkuu hata jengo la biro yake halilindwi na askari wake mwenyewe?

Mtoto wa misheni

Nzongola alizaliwa Kasai mwaka 1944. Alisoma kwa Waprotestanti, wamisionere wa Presbyterian kutoka Marekani, ambao walikuwa Kasai tangu mwaka 1891, pale Luebo. Hiyo misheni iko na historia yake. Mmoja wa waanzilishi, William Sheppard, mweusi wa Marekani, alikuwa kati ya watu waliotoa inje habari za kukatwa mikono wakati wa Leopold, na mwaka 1909 kompani ya kautchouc ilimpeleka mbele ya tribinali Léopoldville. Hakupatikana na kosa.

Kupitia kanisa hilo kijana Nzongola alipelekwa Marekani, ku chuo cha Davidson, jimbo la North Carolina. Ile wakati, kusini mwa Marekani, weusi na wazungu walikuwa wangali wanatengwa. Na hapa kuna jambo la ajabu: weusi wa kwanza waliopokelewa Davidson hawakuwa Wamarekani, walikuwa Wakongo. Benoît Nzengu aliingia mwaka 1962, Nzongola akafuata. Kanisa lilelile liliona vigumu kumkatalia mtoto wa Kasai waliyemfundisha wenyewe, kuliko mtoto mweusi aliyezaliwa kilometa chache kutoka chuo. Nzongola alimaliza masomo ya filozofia mwaka 1967. Mwaka uliofuata alipata diplome nyingine Kentucky, ya diplomasia na biashara ya kimataifa, kisha akaenda Wisconsin kutayarisha doktora ya siasa, ambayo alimaliza mwaka 1975.

Mwaka 1970, kabla hajawa doktere, alitoa makala moja katika jarida la Kiingereza juu ya mabwanyenye na mapinduzi ku Kongo. Pale ndipo mawazo yake ya mrengo wa kushoto yalionekana wazi. Alisema kabila si ufunguo wa kila kitu katika siasa ya Kongo. Ili kuelewa, ni lazima kuangalia nani anashika mali, nani anashika kiti, nani anafanya kazi na halipwi. Makarani na waalimu waliochukua viti vya wazungu mwaka 1960 walichukua pia mishahara ya wazungu na nyumba za wazungu, na mkulima akabaki palepale alipokuwa. Leo maneno hayo yanaonekana ya kawaida. Wakati ule, wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa wanaeleza vita vyote vya Kongo kwa neno moja tu, "kabila".

Kisangani, Lubumbashi, Washington

Alirudi inchini na kufundisha ku Université Libre du Congo, chuo cha Waprotestanti kilichofunguliwa Kisangani mwaka 1963. Hakukaa sana. Mwezi wa 6, 1971, Mobutu aliwaingiza wanafunzi wa Lovanium katika jeshi kwa nguvu juu ya kukumbuka wenzao waliouawa miaka miwili mbele. Miezi michache kisha, serikali ikaunganisha vyuo vyote vitatu kuwa UNAZA. Masomo ya siasa na jamii yalihamishwa Lubumbashi, na Nzongola akahama nayo. Alikuwa huko mpaka 1975. Sheria ya "authenticité" ilipofuta majina ya kikristo, naye alibaki Nzongola-Ntalaja tu, na vitabu vyake vya miaka ya 1980 viko na jina hilo bila Georges.

Kuanzia 1978 alikuwa Washington, profesa ku Howard, universite kubwa ya weusi wa Marekani. Inafaa kukumbuka mwaka huo ulikuwa gani. Waasi wa Katanga waliotoka Angola walishambulia Shaba mara mbili, 1977 na 1978, na mara zote mbili Mobutu aliokolewa na watu wa inje: Wamaroko mara ya kwanza, Wafaransa na Wabelgiji mara ya pili. Kwa profesa aliyeko Washington, somo lilikuwa mbele ya macho. Utawala wa Kinshasa ulikuwa unasimama kwa miguu ya wengine, na mguu mmoja ulikuwa palepale mjini anapoishi. Miaka karibu 20 alifundisha na kuandika juu ya jambo hilo. Alichaguliwa hata kuongoza chama cha wataalamu wa Afrika kule Marekani, na baadaye chama cha wataalamu wa siasa wa Afrika yenyewe.

Wazo lake lililojulikana zaidi ni lile la "uhuru wa pili". Maneno hayo hakuyatunga. Ni ya wakulima wa Kwilu wakati wa Pierre Mulele, 1963 na 1964, na ya wafwasi wa maasi ya mashariki, kutoka Uvira na Fizi mpaka Kisangani. Uhuru wa kwanza, walisema, ulikuwa wa wanasiasa; wa pili utakuwa wa raia. Nzongola aliyachukua maneno hayo kama mawazo ya kisiasa, wakati wengine waliandika juu ya dawa na maji ya Mai Mulele tu. Hata hivyo hakuwapamba Simba. Aliandika kwamba viongozi wao hawakuwa na umoja wala mpango, na kwamba wapiganaji wao waliwatesa raia waliosema wanawakomboa. Wazee wa Kisangani na wa Maniema wanajua hilo bila kitabu.

Kongamano na karatasi ya milioni tano

Tarehe 24 mwezi wa 4, 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mwaka uliofuata, tarehe 7 mwezi wa 8, kongamano kubwa la taifa, CNS, lilifunguliwa Kinshasa. Nzongola alikuja kutoka Marekani kushiriki, kati ya wajumbe karibu 2.850. Watu wa mashariki waliokuwa na redio ile wakati wanakumbuka: CNS ilipita moja kwa moja hewani, na raia walisikia kwa masikio yao nani aliiba nini na nani aliua nani. Ndiyo sababu ilifungwa. Nguz Karl-i-Bond aliisimamisha mwezi wa 1, 1992. Wakristo wakaandamana tarehe 16 mwezi wa 2, na maaskari wakapiga risasi. Damu ile ndiyo ilifungua CNS tena, chini ya Askofu mkuu Monsengwo.

Tarehe 15 mwezi wa 8, 1992, wajumbe walimchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri mkuu, kwa zaidi ya 70 kwa mia ya kura, mbele ya Thomas Kanza, mtu aliyemwakilisha Lumumba ku ONU mwaka 1960. Tshisekedi alimchukua Nzongola kama mshauri wa kidiplomasia.

Mshauri wa namna hiyo haiko waziri wa mambo ya inje. Hana wizara, hana sahihi. Kazi yake ni kusoma, kuandika na kumwambia mkubwa ukweli kabla hajaingia katika chumba: balozi huyu anatafuta nini, serikali yake inaogopa nini, neno gani tusitumie. Ni kazi ya mtu anayejua inchi za watu. Kwa upande huo Nzongola alifaa sana, kwani Marekani aliijua kutoka ndani.

Lakini mezani hakukuwa na wawili tu. Kulikuwa na Mobutu, na kulikuwa na wale walioitwa "troïka": Marekani, Ufaransa na Ubelgiji. Vita baridi vilikuwa vimeisha, Mobutu hakuwa tena na faida ya zamani kwao, na kwa maneno walitaka demokrasia. Kwa vitendo walitaka zaidi kusiwe na fujo. Walisukuma wapinzani wasikilizane na Mobutu, ni kusema wagawane na mtu ambaye bado alikuwa na jeshi na Banki kuu. Nzongola baadaye aliandika kwa ukali juu ya hilo. Kwake, CNS ilikuwa sauti ya raia yenye mamlaka kamili, na wakubwa wa dunia waliigeuza kuwa mazungumzo ya kugawana viti. Mtu anaweza kumjibu kwamba hata UDPS na wenzake hawakujua kuitumia nguvu ya raia wakati ilikuwa bado moto. Hilo nalo ni kweli.

Halafu ikaja karatasi ya milioni tano. Mwisho wa 1992, Banki kuu, chini ya amri ya Mobutu, ilitoa noti ya zaïre 5.000.000. Tshisekedi alisema haina thamani. Mwezi wa 1, 1993, maaskari walilipwa kwa noti hiyo, wafanyabiashara wakaikataa, na maaskari wakapora Kinshasa. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi ndani ya biro yake. Tarehe 5 mwezi wa 2 Mobutu akatangaza amemfuta Tshisekedi. Tarehe 24, maaskari walizunguka Jumba la Watu na kuwafungia ndani washauri wa Baraza kuu la Jamhuri siku tatu, wakubali noti. Ndiyo hali ambayo mshauri wa kidiplomasia alikuwa anatafuta marafiki kwa ajili ya serikali yake.

Mwezi wa 3, Mobutu akamweka Faustin Birindwa, mtoto wa Kivu na mtu wa zamani wa UDPS. Inchi ikawa na serikali mbili. Watatu wa troïka walimnyima Mobutu na watu wake viza, lakini zaidi ya hapo hawakwenda. Na mwezi huohuo wa 3, pale Ntoto, Walikale, watu waliuawa sokoni, na vita vikasambaa Masisi. Kinshasa walikuwa wanagombania nani ni Waziri mkuu. Kule juu milimani hakukuwa na serikali hata moja ya kuzuia panga.

Kilichommaliza Tshisekedi kidiplomasia kilitokea hapa kwetu. Mwaka 1994, kisha mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu karibu milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache. Ufaransa ilihitaji kiwanja cha ndege cha Goma kwa operesheni Turquoise. Mwenye kutoa ruhusa alikuwa Mobutu. Basi, viza ikapatikana, na mwezi wa 11 mwaka huo alikuwa Biarritz, ku mkutano wa Ufaransa na Afrika, kama rais mwingine yeyote. Tangu mwezi wa 6 bunge la mpito lilikuwa limekwisha kumchagua Kengo wa Dondo, na kwa troïka mlango wa Tshisekedi ulifungwa.

Nzongola alijaribu mara moja tena. Mwaka 1996 alikuwa makamu wa mkubwa wa Tume ya taifa ya uchaguzi, upande wa upinzani. Mwaka huohuo vita vya AFDL vilianza Kivu, na uchaguzi huo haukufanyika.

Wawili waliosoma vitabu vilevile

Kwa wakaaji wa mashariki, njia ya Nzongola inaeleweka vizuri zaidi ikiwekwa kando ya njia ya mwingine: Ernest Wamba dia Wamba. Huyo alizaliwa Bas-Congo mwaka 1942, alisoma Marekani pia, alikuwa wa mrengo wa kushoto pia. Alifundisha historia ku universite ya Dar es Salaam kuanzia 1980, na mwaka 1981 alipokuja kutembelea inchi yake Mobutu alimtia ndani juu ya maandishi yake. Aliongoza CODESRIA, baraza la watafiti wa Afrika lenye makao Dakar. Alikuwa anasifu baraza la kijiji, mahali kila mtu anasema mpaka watu wanapatana.

Mwezi wa 8, 1998, profesa huyo alikuwa Goma, mkubwa wa RCD. Wengi waliomsoma hawakuamini. Yeye alisema anataka kumtoa Laurent-Désiré Kabila ili demokrasia ipatikane. Jeshi halikuwa lake, lilikuwa la Kigali na Kampala. Mwezi wa 5, 1999, wenzake walimwondoa, akaenda Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda. Mwezi wa 8 Wanyarwanda na Waganda walipigana mjini Kisangani, na mwezi wa 6, 2000, wakapigana tena siku sita, wakaua raia wengi. Wamba alihamia Bunia, huko nako wasaidizi wake wakamgeukia. Kisha mapatano ya Sun City alikuwa senatere katika mpito, na alikufa mwaka 2020.

Nzongola alichukua msimamo mwingine. Kwake vita vya 1998 vilikuwa uvamizi wa Rwanda na Uganda, na waasi Wakongo walikuwa wanatumikia faida ya wale waliowaleta. Hakumpenda Kabila mzee, aliyezima vyama na kusahau CNS. Lakini kumchukia mtawala na kuingia mjini nyuma ya jeshi la jirani, aliona ni vitu viwili mbalimbali.

Bon, ni rahisi kusema hivyo kutoka mbali, na watu wa Goma walimwambia hivyo kila msomi wa inje. Hata hivyo tukilinganisha wawili hao, wa kwanza alitumikia serikali iliyokuwa na haki bila bunduki, wa pili aliingia katika chama chenye bunduki za watu wengine. Wa kwanza alipoteza kazi. Wa pili alipoteza jina, na raia wa Kisangani walipoteza zaidi ya hapo.

Kiti cha New York

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ONU na ya universite. Alikuwa mshauri wa PNUD juu ya utawala bora Nigeria, kuanzia 2000. Kati ya 2002 na 2005 aliongoza kituo cha PNUD cha utawala kule Oslo. Toka 2007 alifundisha Chapel Hill, North Carolina, si mbali na chuo alichoanzia. Mwaka 2014 alitoa kitabu kidogo juu ya Patrice Lumumba.

Mwaka 2022 Félix Tshisekedi, mtoto wa yule aliyemshauri, alimpeleka ONU. Kuna watu waliomlaumu. Uchaguzi wa 2018 uliomleta Félix ulipingwa, na maaskofu wa CENCO walisema matokeo hayakulingana na hesabu za waangalizi wao. Tena tangu mwezi wa 5, 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini zilikuwa chini ya "état de siège", ni kusema gavana ni militere na raia anahukumiwa na tribinali ya kijeshi. Profesa aliyeandika maisha yote juu ya mamlaka ya raia alikuwa sasa sauti ya serikali hiyo. Lawama hizo zina uzito, na vitabu vyake mwenyewe ndivyo vinazipa nguvu.

Kwa upande mwingine, haiko kila siku ONU inapata balozi aliyeandika jinsi ONU ilivyotenda Kongo. Mwezi wa 7, 1960, Lumumba aliita ONU imsaidie. Mwezi wa 9, wakati Kasa-Vubu alitangaza amemfuta, mkubwa wa ONU aliyekuwa Kinshasa, Andrew Cordier, alifunga viwanja vya ndege na redio, na Lumumba akakosa njia ya kuongea na raia. Mtu aliyefundisha hayo kwa miaka mingi alikaa sasa mbele ya Baraza lilelile.

Alifika wakati mgumu. Bunagana ilianguka tarehe 13 mwezi wa 6, 2022. Mwezi uliofuata vijana wa Goma, Butembo na Uvira waliingia barabarani kufukuza MONUSCO, na watu walikufa, raia na walinda amani. Mbele ya Baraza, Nzongola alirudia msimamo wake wa 1998: Rwanda iko nyuma ya waasi, na Rwanda ipewe malipizi. Mwezi wa 12, wataalamu wa ONU waliandika kwamba wana ushahidi wa jeshi la Rwanda kusaidia M23. Malipizi kwa Rwanda kama inchi hayakutolewa. Kitu Kinshasa ilipata, tarehe 20 mwezi huo, ni azimio nambari 2667. Liliondoa sharti lililokuwepo tangu 2008, la inchi zinazouzia Kongo silaha kujulisha kwanza ONU.

Wakati ule M23 ilikuwa imekwisha kuchukua Rutshuru-centre na Kiwanja, na wakimbizi walikuwa wanajenga vibanda Kanyaruchinya. Kisha Nzongola, kiti cha Kongo ku ONU kilichukuliwa na Zénon Mukongo Ngay.